Kundi lililopata g ya 977: uchambuzi wa kisa cha vizio na upimaji, kidato cha tatu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha shule moja ya sekondari ya kutwa nchini Tanzania. Jina la shule, mkoa, mwaka na majina ya wahusika yameondolewa, na makundi ya wanafunzi nimeyapa namba zangu mwenyewe. Mimi nafundisha fizikia shule nyingine. Mwalimu wa darasa hili aliniletea karatasi za wanafunzi wake tuzisome pamoja, kisha akaridhia kisa kiandikwe ili walimu wenzake wakitumie.

Usuli

Mada ya upimaji hufundishwa kidato cha kwanza, na kwa kawaida hupitiwa haraka. Wanafunzi hukariri jedwali: urefu ni mita, tungamo ni kilogramu, muda ni sekunde, mkondo wa umeme ni ampea. Huchora vernia na maikromita daftarini, hujibu maswali mawili matatu ya kusoma skeli, mada inafungwa. Kinachobaki kichwani ni amri moja: jibu lisilo na kizio linakatwa alama. Amri yenyewe haina kosa, ila imezaa tabia ya ajabu. Mwanafunzi hufanya hesabu nzima kwa namba tupu, na akifika mwisho ndipo anakumbuka kutafuta kizio cha kubandika. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo kizio kimeandikwa kwa kalamu nyingine, dakika ya mwisho kabla ya kukusanya.

Darasa hili lilikuwa la namna hiyo. Lilikuwa limeanza mazoezi ya maandalizi ya praktiko, na zoezi la wiki lilikuwa la pendulumu: funga gololi ya chuma kwenye uzi, badilisha urefu wa uzi kuanzia sm 20 hadi sm 100, pima muda wa mibembeo 50 kwa kila urefu, chora grafu ya T² dhidi ya l (T ni kipindi, yaani muda wa mbembeo mmoja; l ni urefu wa pendulumu), tafuta g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Fomula ilikuwa ubaoni, T = 2π√(l/g), pamoja na umbo lake la grafu, T² = (4π²/g) × l. Anayejua mteremko wa mstari anagawanya 4π² kwa mteremko huo, anapata g.

Vifaa vilitosha makundi sita, vingine vikiwa vya kuazima. Gololi zilikuwa na kijicho cha kufungia uzi juu yake. Stopwochi zilikuwa za kidijitali, zile zinazoonyesha dakika, nukta mbili, sekunde, halafu sehemu za sekunde kwa tarakimu ndogo pembeni. Tuishike picha hiyo ya kioo cha saa, itahitajika.

Jambo la mwisho la usuli ni mwongozo wa kusahihishia. Mwalimu alikuwa ameuandaa mwenyewe, na alama nyingi zilikuwa kwenye thamani ya g: ikiangukia kati ya 9.5 na 10.5, alama zote. Nje ya hapo, hakuna kitu. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba ndivyo alivyosahihishwa yeye alipokuwa mwanafunzi. Jibu la kweli kabisa, na nadhani wengi wetu tungejibu hivyo.

Kilichotokea

Zoezi lilichukua vipindi viwili vya mfululizo. Maabara ilikuwa tulivu, kila kundi limejipanga: mmoja anashika uzi, mmoja anahesabu, mmoja yuko kwenye stopwochi, mmoja anaandika. Mwalimu alizunguka kuangalia kama gololi zinabembea kwa pembe ndogo, kwa kuwa fomula hii inasimama pembe ikiwa ndogo tu. Hapo alifanya vizuri. Hakuangalia kilichokuwa kinaandikwa kwenye majedwali.

Majibu yalipoandikwa ubaoni, yalikuwa hivi. Kundi la kwanza: 977 m/s². Kundi la pili: 16 m/s². Kundi la tatu: 9.80 m/s². Kundi la nne na la tano: 10.2 m/s² kila moja. Kundi la sita: 9.6 m/s².

Darasa liliangua kicheko kwa 977. Mwalimu naye akatania kwamba g ya namna hiyo haipo hata kwenye Mshtarii, ambako ni karibu 25, wala juu ya uso wa Jua, ambako ni karibu 274. Utani mzuri, na namba zake ni sahihi. Mwanafunzi mmoja wa kundi hilo, msichana asiyependa kuongea darasani, alinyanyua mkono akasema, "Mwalimu, lakini ni namba ile ile." Akaambiwa aketi, akakague hesabu zake upya.

Kundi la tatu lilipigiwa makofi. Makundi ya nne, la tano na la sita yakapata alama zote kimya kimya, kwa kuwa majibu yao yalikuwa ndani ya mipaka. Kundi la pili lilirudia hesabu, likapata 16 tena, likakata tamaa.

Kengele ilipogongwa mwalimu alikusanya karatasi. Jioni, akizisahihisha, alikuta jambo lililomfanya asirudishe alama. Karatasi ya kundi la kwanza, lililopata sifuri, ilikuwa na jedwali safi kuliko zote. Vipimo vimerudiwa mara mbili kwa kila urefu, wastani umechukuliwa, pointi za grafu zinakaa juu ya mstari bila kulazimishwa. Ikawaje jedwali zuri namna hiyo litoe jibu la kuchekesha namna ile?

Tulichokiona kwenye karatasi

Aliponiletea, tulichora majedwali yote sita kwenye karatasi moja ya grafu. Nawashauri walimu wafanye hivi hata pale ambapo hakuna tatizo. Jedwali moja peke yake halisemi mengi, ila sita yakiwekwa pamoja yanaanza kusutana.

Kundi la kwanza lilikuwa na muda huu kwa mibembeo 50: sekunde 47.1 kwa sm 20, 65.1 kwa sm 40, 79.1 kwa sm 60, 91.0 kwa sm 80, 101.5 kwa sm 100. Mteremko wa grafu yao ni 0.0404. Ukigawanya 4π² kwa 0.0404 unapata 977. Hesabu haina kosa hata moja. Ila mhimili wa chini wa grafu yao umeandikwa kwa sentimita, kwa hiyo mteremko ni 0.0404 s²/cm, na kinachotoka ni 977 cm/s². Hiyo ni 9.77 m/s². Msichana alikuwa amesema kweli: ni namba ile ile. Kosa lao lote lilikuwa herufi moja, waliyoikosa kwa sababu kizio kilibandikwa mwishoni kutoka kwenye kumbukumbu, wala hakikutoka kwenye hesabu.

Kundi la pili lilikuwa na jambo lililotuchukua muda zaidi. Pointi yao ya kwanza, ya sm 20, inakaa pale pale ilipo ya kundi la kwanza. Kuanzia sm 40 pointi zinaanza kuporomoka chini ya mstari, na kadiri uzi unavyorefuka ndivyo zinavyoporomoka zaidi. Grafu ambayo ingekuwa mstari imepinda. Tulipotazama jedwali lao la muda tukaona: 47.1, halafu 63.0, halafu 71.4, halafu 78.6, halafu 84.6. Chini ya ukurasa kulikuwa na hesabu za pembeni: 1.05 × 60 = 63.0.

Saa ilionyesha 1:05, yaani dakika moja na sekunde tano. Wao waliandika 1.05, wakaichukulia kuwa dakika 1.05, wakazidisha kwa 60. Vivyo hivyo 1:19 ikawa 71.4, 1:31 ikawa 78.6, 1:41 ikawa 84.6. Pointi ya kwanza ilisalimika kwa kuwa muda wake haukufika dakika moja. Ukilazimisha mstari upite katikati ya pointi hizo, g inatoka karibu 16.

Kundi la nne na la tano walikuwa na kosa la kuhesabu. Aliyekuwa anahesabu alisema "moja" pale alipoachia gololi, badala ya pale iliporudi. Kwa hiyo "hamsini" yake ilikuwa mbembeo wa 49. Kipindi kikapungua kwa asilimia 2, na kwa kuwa kipindi kinapandishwa kipeo cha pili, g ikaongezeka kwa asilimia 4: kutoka 9.8 hadi 10.2. Tulilijua hili kwa kuwauliza tu wahesabu mbele yetu.

Likabaki kundi la tatu, lenye 9.80 na makofi. Muda wao: 44.88, 63.47, 77.73, 89.76, 100.35. Mstari umenyooka kama umechorwa na fundi, na unapita katikati kabisa ya sifuri. Hapo ndipo ulipo mtego, maana makundi mengine yote matano yana mistari inayokata mhimili wa T² juu kidogo ya sifuri. Sababu ni kwamba darasa zima lilipima uzi hadi kwenye fundo, juu ya kijicho, badala ya kupima hadi katikati ya gololi. Kila urefu uliandikwa pungufu kwa sentimita 2 hivi. Pendulumu halisi katika maabara ile, yenye uzi wa sm 20, ilikuwa ya sm 22, na isingeweza kumaliza mibembeo 50 chini ya sekunde 47. Kundi la tatu liliandika 44.88. Tofauti ya zaidi ya sekunde mbili haiwezi kusingiziwa kidole kilichochelewa kubonyeza. Ucheleweshaji wa kidole ni sehemu ndogo ya sekunde. Ukichukua g = 9.8 na urefu wa uzi ulioandikwa, ukakokotoa muda kwa kikokotoo, unapata jedwali la kundi la tatu tarakimu kwa tarakimu.

Data zilikuwa zimepikwa.

Maamuzi na sababu zake

Mkuu wa idara alipoambiwa alitaka kundi la tatu liadhibiwe mbele ya wenzao. Mwalimu alikataa, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko ya huruma tu. Alisema: mwongozo wangu ndio uliowafundisha kupika. Nimelipa alama zote kwa 9.80, nikalipa sifuri kwa waliopima. Mwanafunzi mwenye akili timamu akiona bei hizo atafanya nini?

Uamuzi wa kwanza ukawa kutorudisha alama kabisa. Wa pili, kulirudishia darasa zima majedwali yote sita, yakiwa hayana majina, na kuwauliza swali moja: mistari hii inatofautiana wapi? Hakusema kuna waliopika. Alitaka darasa lione lenyewe kwamba mstari mmoja unapita sifuri na mitano haipiti, kisha waulizane kwa nini.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wangu na wake kwa pamoja, na ndio ninaoutetea zaidi. Zoezi la kurudia lisiwe la kutafuta g. Kila mwanafunzi anajua g ni 9.8; hata asipopima, jibu analo mfukoni. Tukachagua kitu ambacho jibu lake halimo katika kitabu chochote: urefu wa kamba iliyoning'inia kwenye tawi la mwembe nyuma ya maabara, ikiwa na kufuli kubwa mwishoni. Mwalimu aliifunga yeye mwenyewe mapema, juu ya ngazi. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuipima kwa rula. Wangepima kipindi tu, na kutoka hapo waseme kamba ni ndefu kiasi gani.

Uamuzi wa nne ulihusu ubao. Mwalimu aliahidi kwamba kuanzia siku hiyo hataandika hatua ya hesabu yenye namba isiyo na kizio. Kila kichwa cha safu ya jedwali kiwe na kizio, kila mteremko uandikwe na kizio chake, na vizio vikatwe kama herufi za aljebra zinavyokatwa.

Matokeo

Somo la majedwali sita lilikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Mwanafunzi aliyegundua sababu ya mistari kupita juu ya sifuri alitoka kundi la sita. Alirefusha mstari kurudi nyuma hadi ukakata mhimili wa urefu kwenye sm 2 upande wa hasi, akauliza, "Hizi sentimita mbili zimetoka wapi?" Vernia ikatolewa kabatini, ilikokuwa imelala tangu kidato cha kwanza. Wakapima kijicho na nusu kipenyo cha gololi: sentimita 2. Ukimya uliofuata ulikuwa wa watu wanaotazamana. Kundi la tatu halikukiri siku hiyo wala baadaye. Mwalimu hakuwauliza.

Zoezi la mwembe lilileta mambo mengine. Kamba ilikuwa na kipindi cha karibu sekunde 4, kwa hiyo mibembeo 20 ilichukua sekunde 80, na saa ikaonyesha 1:20. Wanafunzi wa kundi la pili waliandika sekunde 80 bila kuambiwa. Makundi mengi yalipata urefu kati ya mita 3.8 na 4.1. Kundi moja lilisumbuliwa na upepo, kufuli likawa linazunguka duara badala ya kwenda na kurudi. Wakaandika hivyo hivyo kwenye karatasi, na wakapata alama ya kuandika.

Mwishoni kamba ilipimwa kwa futi ya mafundi ujenzi. Kundi la tano ndilo lililopewa futi. Wakasoma 156. Darasa likaduwaa: sentimita 156? Mtu mmoja akasema kwamba huo ni urefu wake mwenyewe, na tawi liko juu ya kichwa cha mwalimu. Futi za mafundi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Walisoma upande wa inchi. Upande wa pili ulisema 397. Jambo hili hatukulipanga, nami sidhani tungeweza kulipanga vizuri zaidi.

Baada ya hapo, kwenye mtihani wa utamilifu, vichwa vya majedwali vya darasa hili vilikuwa na vizio karibu vyote. Kubadili vizio vya kipeo kulibaki tatizo lile lile: wapo waliobadili sm² kuwa m² kwa kugawanya kwa 100 badala ya 10,000, na msongamano wa maji bado uliandikwa na wengine kuwa 1 kg/m³.

Uchambuzi

Nianze na nukta mbili za stopwochi, maana walimu wengi hulichukulia kosa hilo kuwa uzembe. Mfumo wetu wote wa vipimo unakwenda kwa kumi, isipokuwa muda. Sentimita 105 ni mita 1.05, kwa nini 1:05 isiwe dakika 1.05? Wafaransa waliona kero hii, na mwaka 1793 wakaamuru siku igawanywe katika saa 10, saa katika dakika 100, dakika katika sekunde 100. Kwa saa za namna hiyo kundi la pili lingekuwa sahihi kabisa kuisoma 1:05 kuwa dakika 1.05. Watu hawakuzizoea, na mwaka 1795 ulazima wake ukaondolewa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hajawahi kuambiwa waziwazi kwamba kioo cha stopwochi kina vizio viwili vilivyokaa pamoja. Inachukua dakika moja kumwambia. Darasa hili halikuambiwa, na kwa kukosa dakika hiyo kundi zima lilipoteza zoezi.

Kosa la kundi la pili pia lilikuwa limejitangaza lenyewe. Grafu iliyopinda mahali inapotakiwa kunyooka ni ujumbe. Pointi ya kwanza iko sawa, nyingine zinaanguka kuanzia pale muda unapovuka dakika moja: ni vigumu kupata dalili iliyo wazi kuliko hiyo. Ila wanafunzi walikuwa wamefundishwa kwamba kazi ya grafu ni kutoa mteremko, na mteremko ukitoka, grafu imemaliza kazi. Walipita na rula katikati ya pointi zilizopinda bila kuziuliza chochote.

Kuhusu grafu, lipo jambo ambalo mwalimu mwenyewe hakuwa amelitambua. Kosa la sentimita 2 lilikuwa la darasa zima, na bado kundi la kwanza lilipata 9.77. Wangekokotoa g kwa fomula moja kwa moja kutoka kwenye kipimo cha sm 20, wangepata karibu 8.9, kutoka kwenye sm 100, karibu 9.6. Mteremko haujali kosa linalojirudia kwa kiasi kile kile katika kila kipimo. Unalisukuma pembeni, linakwenda kukaa kwenye sehemu ambapo mstari unakata mhimili. Hii ndiyo sababu ya kuchora grafu, wala si mapambo ya mtihani. Wakati huo huo, ndiyo iliyowafichua waliopika: walikuwa na usahihi wa kikokotoo bila kosa la maabara, na kosa la maabara lilikuwa alama ya uhalisi.

Kwenye usahihi wenyewe tusivimbe vichwa. Kwetu huku karibu na ikweta g ni karibu 9.78 usawa wa bahari, wakati kwenye ncha za dunia inafika 9.83. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulumu Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku kulinganisha na Paris, ikabidi afupishe pendulumu. Mtu anaweza kusema basi 9.77 ya kundi la kwanza iko karibu na ukweli kuliko 9.80 ya kitabuni. Iko karibu, lakini kwa stopwochi ya mkononi na uzi wa kushona, desimali ya pili ni bahati. Wangeandika 9.8 na wasingekosea. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na ujasiri wa kuandika sifuri ya mwisho.

Kubeba kizio katika kila hatua ndiko kulikofanya kazi kuliko mambo yote tuliyobadilisha. Mwalimu alilielezea darasa kwa tukio la Julai 1983. Ndege ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani nchini Canada, wakati nchi hiyo ikiwa katikati ya kuhamia mfumo wa metriki. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Waliohesabu walikuwa na kipimo cha mafuta kwa lita, wakayabadili kwa kuzidisha kwa 1.77. Namba hiyo ni sahihi, ila ni paundi kwa lita. Kwa kilo ni karibu 0.8. Ndege iliondoka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta iliyotakiwa. Marubani waliiongoza ikielea bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Darasa liliona mara moja: 1.77 ni ndugu wa 977. Zote ni namba sahihi zilizosafiri bila kizio.

Kilichoshindikana zaidi, kwa maoni yangu, ni dakika ile msichana aliposema "ni namba ile ile" akaambiwa aketi. Jibu la tatizo zima lilikuwa limesemwa ndani ya chumba, na likazimwa kwa utani wa Jua. Mwalimu alimtambua mbele ya darasa wiki iliyofuata, lakini ameniambia kwamba mkono ule haujanyanyuka tena mara nyingi.

Gharama nyingine ilikuwa muda. Zoezi la kipindi pacha kimoja lilikula vipindi pacha vitatu, na silabasi ikasogea nyuma. Mkuu wa idara bado analisema. Hoja yake haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa wanafunzi hawa watapimwa kwa mada zote, si kwa pendulumu peke yake. Nadhani gharama ingepungua sana kama mada ya upimaji ingefundishwa kidato cha kwanza kwa kupima vitu badala ya kukariri jedwali, lakini darasa la kidato cha tatu haliwezi kurudishwa huko.

Zoezi lililofuata: springi

Mwalimu aliacha pia mwongozo wake wa zamani wa kusahihishia, akaanza kutoa alama kwa vizio na hatua badala ya jibu la mwisho. Mwongozo huo mpya ulipata mtihani wake mapema. Zoezi lililofuata lilikuwa la springi: ning'iniza mizigo, pima springi imerefuka kiasi gani, tafuta kigezo cha springi k, yaani nguvu kwa kila mita ya kurefuka. Springi za maabara ile hurefuka karibu sm 4 kwa mzigo wa gramu 100.

Anayebadili vizio vizuri anafanya hivi: gramu 100 ni kilo 0.1, uzito wake ukichukua g = 10 ni niutoni 1, sm 4 ni m 0.04, kwa hiyo k ni 25 N/m. Asiyebadili chochote anagawanya 100 kwa 4, anapata 25, kisha anabandika N/m mwishoni. Kilo ni gramu elfu, mita ni sentimita mia, g ni kumi. Vigezo hivyo vitatu vinakatana vyenyewe na namba inabaki ile ile. Mwaka uliotangulia, kwa mwongozo wa zamani, wote hao wangepata alama sawa.

Makundi yote sita yalileta 25 N/m au karibu yake. Mwalimu hakugusa jibu la mwisho. Alifungua ukurasa wa jedwali, akasoma vichwa vya safu, kisha akafuata vizio hatua kwa hatua hadi chini. Makundi manne yalikuwa yamebadili. Mawili yalikuwa na gramu na sentimita hadi mstari wa mwisho kabisa, ambapo niutoni na mita zilitokea ghafla bila kutoka popote. Kundi la tatu halikuwa mojawapo ya hayo mawili.